Mbishi na Kibuyu cha Pili

Nilda Berrutti akiitwa kuutazama mbangi unaoumwa, haanzi na majani. Anaanza na mwenye mmea. Anamkazia macho, anamwacha amalize uongo wake, kisha ndipo anavaa miwani. Na uongo wenyewe, mji mzima wa Durazno, ni uleule: simwagilii sana, mbolea naweka kidogo tu, hao wadudu hata sijui wametoka wapi. Nilda alifundisha darasa la nne mpaka akastaafu, na anasema mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani na mzee mwenye mibangi sita uani ni mtu yuleyule, ila mzee ana mvi.

Januari ile, joto likiwa limeushika mji shingoni, alikuwa kwa Wilmar, aliyekuwa na bucha kabla ya mgongo wake kumkatalia. Wilmar alikuwa amejiandikisha kama inavyotaka sheria ya nchi ile, inayoruhusu mibangi sita kwa kila nyumba, na mibangi yake sita ilisimama imejipanga ukutani, iliyonona mitatu na iliyochakaa mitatu.

"Ni njaa hiyo," Wilmar alisema. "Nimeiongezea mbolea juzi."

"Ikapona?"

"Imezidi."

"Sasa Wilmar, ukila ukaumwa tumbo, utaongeza sahani?"

"Inategemea kumepikwa nini."

Nilda akavaa miwani. Juu ya majani kulikuwa na vidoa vyeupe vingi, kama mtu aliyachomachoma kwa ncha ya sindano. Akaligeuza jani moja, akamsogezea puani.

"Unaona nini?"

"Vumbi."

"Litazame vizuri."

Wilmar alilitazama. Vumbi likatembea.

"Utitiri," Nilda alisema. "Unakunyonyea majani huku wewe unailisha mbolea. Chukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia isiyo na manukato. Ikwangue, iyeyushe, nyunyiza chini ya majani, siyo juu, jua likishazama. Ukinyunyiza saa sita mchana utaniita tena nije nione ulivyoyakaanga. Majani yaliyoharibika kabisa kata, funga kwenye mfuko, tupa mbali. Baada ya siku chache rudia, maana mayai yanaanguliwa. Na hii mitatu mizima hamishia upande ule kabla haijaambukizwa."

"Na mbolea?"

"Mbolea mpe jirani."

Wilmar alicheka, akamimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye kibuyu chenye majani makavu na kumpa. Kinywaji chenyewe wenyeji hukiita mate, jina ambalo kwa Kiswahili lingemfanya mtu akisukume kibuyu mbali, kwa hiyo hapa tutaliacha jina hilo na kusema yerba, kama majani yake yanavyoitwa. Nilda alifyonza mrija mpaka ukalia, akarudisha kibuyu na kusema asante. Wilmar akaifunga chupa ya chai. Durazno neno hilo halisemwi ovyo penye yerba. Unapewa, unakunywa, unarudisha kimya, unapewa tena. Siku utakayosema asante maana yake imetosha, nisimiminiwe tena, na anayemimina hana ruhusa ya kuacha mpaka alisikie.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Ofelia, mke wa marehemu kaka yake.

"Mbishi anaumwa," Ofelia alisema. "Njoo ukipata nafasi, tafadhali."

Nilda alikata simu na kubaki ameishika. Katika miaka yote ya uwifi wao Ofelia hakuwahi kumwambia tafadhali. Alikuwa amezoea kuambiwa njoo hapa we mwanamke, au usipokuja usije kabisa. Ile tafadhali ilimtia hofu kuliko habari yenyewe.

Na habari yenyewe haikuwa ndogo. Mbishi ulikuwa mbangi wa Heber, kaka pekee wa Nilda. Kila vuli, baridi ikikaribia, kabla ya kuvuna, Heber alikata matawi yake machache, akayaotesha mizizi, akayalea ndani chini ya taa majira yote ya baridi, na masika, baridi ikiisha, akayatoa uani. Hakupanda mbegu hata mara moja. Kwa hiyo mmea aliouacha ulikuwa uleule aliouanza miaka mingi nyuma, ukijirudia mwaka hadi mwaka. Aliuita Mbishi kwa sababu ulikataa kufa kwa baridi, kwa mvua ya mawe na kwa paka wa jirani. Aliupa jina hilo kwa kuufananisha na nani, mkewe au dada yake, alikataa kusema, na mawifi hao wawili waliligombania jina hilo kila Krismasi, kila mmoja akidai ni la mwenzake.

Heber alifariki masika yaliyopita, miezi michache tu kabla ya Januari ile, ghafla, asubuhi, kwenye kiti chake cha uani. Juma la msiba hakuna aliyekumbuka kumwagilia. Mibangi mingine mitano ya uani ikakauka, akabaki Mbishi peke yake. Akifa huyu, hapakuwa na tawi lake kwingine kokote duniani.

Nilda alifika mchana. Ofelia alimfungulia mlango akiwa amechana nywele vizuri, amepungua uso. Na hapo Nilda akafanya kosa lake la kwanza: hakumkazia macho. Aliona haya kumtazama mjane wa kaka yake kama anavyomtazama Wilmar. Akapita moja kwa moja mpaka uani, kwenye majani.

Mbishi alikaa ndani ya ndoo kubwa ya rangi chini ya paa la bati, karibu na kiti cha Heber. Majani ya chini yalikuwa manjano, mengine yameshaanguka. Ya juu yalikuwa kijani lakini yamelegea.

"Unammwagilia mara ngapi?"

"Jumatano na Jumapili, kopo moja. Kama yeye alivyokuwa akifanya."

"Na mbolea?"

"Sijampa kitu. Sijui kumpa."

"Basi ni njaa," Nilda alisema, na moyo ukamtulia. "Mbangi ukikosa chakula unajinyang'anya chini ili ulishe juu. Ndiyo maana manjano inaanzia huku. Nitakuletea mbolea yangu ya minyoo, uiloweke kwenye maji, umpe siku yake ya kumwagiliwa. Utaona atakavyofufuka."

"Una hakika?"

"Wifi, mimi nimewahi kukosea?"

"Ulipoolewa," Ofelia alisema.

Wakacheka kidogo, na kicheko kikaisha haraka kuliko zamani. Juu ya udongo wa ndoo kulikuwa na tabaka nene la majani ya yerba yaliyokwisha kunywewa. Nilda aliyaona na hakuyaona. Hakuna chungu cha maua Durazno ambacho hakijamwagiwa yerba ya jana, na yeye mwenyewe hung'uta kibuyu chake kwenye mawaridi kila siku. Lililomkera lilikuwa jingine: alikaa pale mchana mzima na hakukaribishwa yerba. Katika mji ule hata anayekuja kukata umeme hukaribishwa. Alirudi nyumbani amenuna.

Mbolea aliipeleka. Akangoja kuitwa kushukuriwa. Badala yake mvua ilinyesha, watu wakakaanga mikate yao ya siku za mvua, na Ofelia akapiga simu kusema Mbishi amezidi.

Safari hii Nilda alikimbia. Manjano ilikuwa imepanda mpaka katikati. Ncha za majani ya juu zilikuwa zimeungua kahawia na kujikunja chini kama kucha za kuku, dalili ya mmea ulioshindiliwa chakula ambacho haukukiomba. Mbolea ile ilikuwa yake. Alipoigusa ndoo, vijinzi vyeusi vikaruka kutoka kwenye udongo, vingi, vikamwingia puani. Akachomeka kidole kupitia yerba mpaka kikazama chote.

Tope tupu.

Paa la bati halikuvuja, kwa hiyo haikuwa mvua. Nilda akasimama, akajifuta kidole kwenye sketi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya darasa la nne.

"Ofelia, huyu anazama. Mizizi imekosa hewa, inaoza. Unammwagilia kila siku."

"Jumatano na Jumapili."

"Nimechomeka kidole."

"Hata ungechomeka mkono. Jumatano na Jumapili, kopo moja."

"Kila mtu hudanganya juu ya maji, siyo aibu, Wilmar ananidanganya kila..."

"Mimi siyo Wilmar."

"Basi maji yametoka wapi?"

"Wewe ndiye mjuzi, niambie. Ulikuja hapa ukasema njaa. Nikamlisha uliponiambia nimlishe. Sasa anakufa, na mwongo ni mimi?" Ofelia alikuwa hapazi sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nenda kamtibu Wilmar, Nilda. Mbishi niachie mwenyewe."

Nilda aliondoka bila kuaga. Njiani alijitetea kwa sauti mpaka watu wakamgeukia: Ofelia ni mkaidi, Ofelia hakuwahi kupenda mibangi, hakuvuta hata siku moja, alichojua ni kuchemsha majani na mafuta ya nguruwe apake magotini. Lakini alipofika nyumbani na kukaa, akajua kuwa ana hofu, na hofu yake ni moja tu, kwamba amekiua kitu cha mwisho cha kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba Ofelia ameliona hilo kabla yake.

Usingizi haukumpa raha. Asubuhi na mapema akanunua mikate midogo ya siagi, ile Ofelia aipendayo, akaenda kuomba radhi. Kuomba radhi hakukuwa kazi aliyoizoea, akawa anajaribu maneno njia nzima na hakupata hata moja lililomkaa mdomoni. Alipita mlango wa pembeni, wa uchochoroni, kwa sababu ndugu hawabishi hodi mbele. Akasikia Ofelia anazungumza. Akasimama nyuma ya mzabibu.

Ofelia alikuwa kwenye kiti chake, chupa ya chai kwapani kama mtu yeyote wa pale. Kiti cha Heber kilikuwa mkabala, na juu yake kilikaa kibuyu cha Heber, kile chenye ukingo wa fedha uliobonyea. Ofelia alimimina cha kwake, akanywa mpaka mrija ukalia. Kisha akamimina cha Heber. Akangoja. Alingoja kwa muda ambao mwanamume asiye na haraka angeutumia kumaliza kibuyu, akimweleza taratibu habari za paka wa jirani aliyezalia kwenye kapu la nguo. Kisha akakiinua kibuyu, akakiinamisha kwenye shina la Mbishi, maji yakatoka yanafuka moshi. Akakijaza tena. Akanywa cha kwake. Akangoja. Akamwaga.

Nilda alihesabu chupa nzima ikiisha kwa namna hiyo, nusu kwa Ofelia, nusu kwa ndoo. Mwishoni Ofelia aliking'uta kibuyu cha Heber juu ya udongo, akaishindilia yerba kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa mtu mgongoni.

Kitu cha kwanza alichokisikia Nilda kilikuwa furaha, tusimsingizie wema usiokuwepo. Alikuwa amepata jibu. Maji ya moto kila asubuhi, yerba ambayo haijaoza ikila nguvu ya udongo badala ya kuuongezea, vumbi lake likiziba matundu chini ya ndoo: yote yakakaa mahali pake, na alitaka kupiga makofi. Kisha akauona tena uso wa Ofelia, na makofi yakamwishia mikononi.

Akakohoa.

"Umesimama hapo tangu lini?" Ofelia aliuliza bila kugeuka.

"Tangu paka alipozaa."

"Basi umeona."

"Nimeona. Wifi, mimi niliuliza maji."

"Na mimi nikakujibu maji. Hii siyo maji. Hii ni yerba ya Heber."

Ilikuwa kweli. Hakuna mtu wa Durazno ambaye angeuita mchirizi wa kibuyu kumwagilia. Yeye mwenyewe asingeuita hivyo. Ndiyo maana macho yake yalipita juu ya yerba ile mara mbili na hayakushtuka.

"Siku ile nilimpa kibuyu," Ofelia alisema. "Kilikuwa cha pili au cha tatu. Nikaenda ndani kuzima jiko, maziwa yalikuwa yanapanda. Niliporudi alikuwa amekishika, kimejaa, hajakigusa. Hakusema asante, Nilda. Alikuwa bado anataka. Sasa nitaachaje kummiminia mtu ambaye hajasema asante? Wewe ungeacha?"

Nilda alijua ugonjwa na alijua dawa, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu mdomo wake ulikataa kuitaja. Dawa ilikuwa maneno matatu: acha kummiminia Heber. Angewezaje? Aliweka mikate mezani. Akazunguka, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, kikalia chini yake kama kilivyokuwa kikilia chini ya Heber.

"Weka yerba mpya," alisema. "Chemsha maji tena."

"Ya nini?"

"Nataka kunywa cha Heber."

"Hicho ni cha Heber."

"Na mimi ni nani? Tumezaliwa tumbo moja. Siku zote alikuwa akiniibia maziwa yangu, leo na mimi namwibia."

Ofelia alimtazama sana. Kisha akaingia ndani. Aliporudi akakijaza kibuyu chenye ukingo uliobonyea na kumpa kwa mikono miwili. Nilda alivuta mrija, na macho yakamtoka.

"Nini hiki?"

"Sukari."

"Heber alikuwa anakunywa na sukari?"

"Tangu tulipooana. Mbele za watu alikunywa chungu, bila sukari, akikunja uso. Alisema siku utakayojua utamtangaza mji mzima."

"Ningemtangaza," Nilda alisema. "Ningepita na spika." Na hapo akaanza kulia, na kucheka ndani yake, na kusema kumbe vijinzi navyo vimefuata sukari, na Ofelia akawa anamuuliza anasema nini, na yeye hakuweza kueleza. Alikinywa kitu kile, alichokuwa akikichukia tangu utotoni, mpaka mrija ukalia. Akakirudisha. Ofelia akamjazia. Akanywa tena. Walikwenda hivyo mpaka yerba ikaosheka, haina tena ladha wala rangi, na Ofelia akawa anamtazama mdomoni, anangoja neno.

Nilda alifungua mdomo. Neno halikutoka. Akagundua kwamba hata yeye hakutaka litoke, kwamba likitoka kaka yake ataondoka na hapo kwenye kiti.

"Kesho nitakuja tena," alisema.

"Njoo."

"Lakini ndoo, Ofelia. Mbishi asipate hata tone."

"Ukiwa unakunywa wewe," Ofelia alisema, "yeye sina cha kumpa."

Wakaifanya kazi asubuhi ileile, kabla jua halijapanda. Waliilaza ndoo, Nilda akashika shina, Ofelia akavuta, na Mbishi akatoka na bonge la tope linalonuka kama chombo cha maua cha makaburini. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa kabisa na vumbi la yerba. Mizizi mingi ilikuwa kahawia, inateleza, ukiivuta inabaki mkononi. Nilda akachovya mkasi kwenye spiriti na kuanza kukata, akikata bila huruma, huku Ofelia akisema basi, basi, utammaliza.

"Hii imeshakufa. Unaniona nagusa nyeupe? Nyeupe siigusi. Ona hii hapa, na hii. Hizi ndizo zitakazomlea."

"Ni chache."

"Ni chache, lakini zipo. Nilidhani nitakuta sifuri." Akapangusa jasho. "Na kuanzia leo sibishani tena. Jina ni lako. Mtu anayemnywesha yerba marehemu tangu masika, kuna mbishi gani kumzidi?"

"Mtu anayesema njaa kwa mmea uliokwisha kulewa maji," Ofelia alijibu.

Walimweka kwenye udongo mpya mweusi uliochanganywa na pumba za mpunga ili maji yapite, kwenye ndoo nyingine iliyotobolewa vizuri, juu ya matofali mawili, kivulini. Nilda alipunguza matawi, kwa sababu mizizi michache haiwezi kubeba mwili mkubwa. Matatu yaliyo mazima kuliko yote akayakata mshazari na kuyasimamisha kwenye glasi za maji yaliyolowekewa vijiti vya mwerebi, mti unaoota kando ya mto Yí wa mjini hapo, ili yaote mizizi, yawe akiba.

"Sasa mwache apate kiu," alisema. "Kila asubuhi inua ndoo. Ikiwa nzito, iache na uondoke. Ikiwa nyepesi, mpe maji ya baridi, yapite mpaka chini, basi. Usitazame kalenda, wala usinisikilize mimi. Sikiliza mkono wako."

"Na nikiona amelegea?"

"Atalegea. Vumilia."

Nilda alikwenda kila asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha Heber, akanywa yerba ya sukari, akalalamika kuwa meno yatamtoka, akasikiliza habari za paka na watoto wake. Mbishi alilegea kweli, akaangusha majani mengine, na tawi moja kati ya yale ya akiba likaoza kwenye glasi. Ofelia alilitoa akaosha glasi. Nilda alipokuwa akienda zake alisema kwa sauti ileile ya kawaida kwamba yamebaki mawili na mmea wenyewe, na yeye hajashindwa bado. Hakuna asubuhi aliyosema asante. Kila siku alirudisha kibuyu kimya, na kila siku Ofelia alikipokea na kukining'iniza msumarini bila kuuliza.

Vijinzi vilikwisha kwanza. Kisha, kwenye ncha ya juu kabisa, likachungulia jani jipya, dogo, la kijani kibichi, vidole vyake vimenyooka, bila zile kucha za kuku. Siku chache baadaye yakawa manne. Na kwenye glasi mojawapo vikatokea vinundu vyeupe, ambavyo Ofelia alivionyesha kwa kidole, mkono wa pili ukiwa mdomoni.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Februari Nilda alimkuta Ofelia ameshika ndoo kwa mikono yote miwili, ameinua kidogo kutoka kwenye matofali.

"Nyepesi," Ofelia alisema.

"Basi unajua la kufanya."

Ofelia akachukua kopo, akampa Mbishi maji ya baridi, taratibu, mpaka yakachuruzika chini kwenye matofali. Kisha akakaa. Akamimina cha Heber, akampa Nilda, na kabla Nilda hajaushika mrija akasema:

"Amekunywa sana, wifi."

"Nani?"

"Unamjua. Amekunywa sana. Mwache aseme."

Nilda hakuuliza aseme nini. Alikinywa kibuyu kile chote, na sukari yake, mpaka mrija ukalia, na mrija ulipolia alikiangalia ndani, akaona yerba imebaki chini, kijani, imetulia. Heber alimwita mkewe kwa jina la kumdekeza ambalo hakuna mtu mwingine mjini aliyelitumia, hata watoto wa kaka zake Ofelia. Sauti yake Nilda, iliyokuwa imenyamazisha madarasa, ilitoka ndogo.

"Asante, Ofe."

Ofelia alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akapita karibu na Mbishi bila kusimama, akaenda mpaka kwenye pipa la taka, akaking'uta humo, mara moja, mara mbili. Akakiosha bombani na kukiinamisha dirishani kikauke.

Alirudi, akakaa, akajaza kibuyu chake mwenyewe. Cha kwanza akanywa yeye, kama ilivyo kawaida ya anayemimina. Akajaza tena, akamnyooshea Nilda.

"Chungu," alisema.

Kilikuwa kichungu, cha moto, kama Nilda alivyokipenda maisha yake yote. Alikinywa mpaka mwisho, akamrudishia, na hakusema asante.